Mwanabibi Alivyochagua Mfumo wa Kompyuta

Kwanza niseme wazi kwamba mimi kompyuta siipendi. Nimefundisha darasa la pili kwa chaki na ubao mpaka nikastaafu, na watoto walijua kusoma. Ukiona nasimulia habari za mifumo na programu, ujue si kwa kupenda kwangu. Ni kwa sababu ya Mwanabibi binti Jumanne, jirani yangu wa Kilimanihewa hapa Nachingwea, ambaye angeishi maisha yake yote bila kugusa kitu hicho kama mwanawe Yasini wa Dar es Salaam asingempakilia kimoja kwenye basi mwaka 2006, kimefungwa kwa blanketi na kamba za katani.

Mwanabibi alikuwa muuza vitenge sokoni. Zamani, ushirika ulipokuwa ushirika kweli, alipima sukari kwenye duka la kijiji. Duka lilipokufa akaanza biashara yake mwenyewe, na alianza vizuri kwa sababu alijua kuchagua. Kitenge hakinunui kwa rangi. Anakikwaruza kwa ukucha, anakinusa, anakivuta pembe kwa pembe, anamuuliza muuzaji, anamuuliza mpita njia, ananiuliza mimi, halafu anachukua kile ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia achukue. Wapo waliomcheka kwamba mchagua jembe si mkulima, lakini wateja wake walirudi, na wale waliocheka nao walirudi.

Sasa wewe utauliza, muuza vitenge anataka kompyuta ya nini? Hata mimi niliuliza. Niliona ameiweka chumbani kwake, ameivalisha kitambaa cha kufuma mpaka kwenye kibodi, nikadhani ni pambo. Kumbe mwenzangu alikuwa ameiomba mwenyewe kwa Yasini, tena kwa kumsumbua.

Lazima nieleze jambo hili vizuri. Mwanabibi ni mzaliwa wa Nambilanje, kule Ruangwa, na huko alifundwa na Bibi Ashura, kungwi aliyewafunda wasichana wa vijiji vingi tangu nchi hii ikiwa bado ya Mwingereza. Kila unyago una nyimbo zake, na kila kungwi anazo zile zinazojulikana na wote. Bibi Ashura alikuwa na nyingine, za Kimwera cha ndani, alizozipokea kwa bibi yake, na alibaki nazo peke yake. Mwanabibi alikuwa mwanafunzi wake wa karibu, aliyetarajiwa kukaa mahali pake. Nyimbo zenyewe siziandiki hapa, na wewe mwanamume unayesoma usinung'unike. Nenda kaulize za jando uone kama utajibiwa na wenzako.

Mwaka 1996, Mwanabibi alimwendea Bibi Ashura na radio ya kaseti, akamwomba azirekodi nyimbo zile kabla umri haujazichukua. Bibi alikataa. Alikuwa na sababu, kwa sababu mkanda wa kundi jingine ulikuwa umeibwa na kuishia kwenye gari moja la abiria, dereva akaupiga safari nzima huku wanaume wakicheka na wanawake wakiziba nyuso kwa khanga. Mwanabibi alimbembeleza msimu mzima. Mwishoni Bibi Ashura alikubali kwa sharti moja, kwamba sauti yake isiingie sikio la mwanamume, yeye Bibi akiwa hai au akiwa amekufa. Mwanabibi akaapa, na ameshika kiapo hicho kuliko anavyoshika mkoba wa sokoni.

Mikanda ilikaa kwenye sanduku miaka kumi. Ikaanza kuliwa na radio, ikaanza kuota ukungu, sauti ya Bibi ikawa inazama na kuibuka. Ndipo Mwanabibi akasikia kwamba kompyuta inaweza kutunza sauti isizeeke, akamwandama Yasini. Hakumwambia ni ya kazi gani. Alimwambia anataka kuweka hesabu za vitenge, na Yasini, maskini, akaamini.

Aliyemsaidia kuzihamisha nyimbo ni Scholastika, mwalimu kijana wa hesabu pale sekondari, Mmakua, mwanamke mpole mwenye miwani, na ndiye mwanamke pekee tuliyemjua anayejua mambo hayo. Waliweka radio upande mmoja, ile sipiyu, lile boksi la kompyuta, upande mwingine, waya katikati, wakafunga madirisha. Mkanda uliimba na kompyuta ikasikiliza. Mimi nilikaa kibarazani nachambua mbaazi, kazi yangu ikiwa kuzuia wanaume. Halfani muuza mkaa alipopiga hodi nilimwambia ndani kuna mgonjwa wa surua, akaondoka bila kushusha gunia.

Walipomaliza, Mwanabibi alitoka na mikanda yote, akaitia jikoni pamoja na maganda ya korosho, akaichoma. Moshi wake ulinuka vibaya sana.

"Da Mwanabibi, una akili kweli?" nikamuuliza. "Si ungeacha hata mmoja?"

"Kitu cha unyagoni hakikai sehemu mbili, Catherine. Kikiwa sehemu moja nakilinda. Kikiwa mbili, kimoja lazima kitatembea."

Nikarudi kwenye mbaazi zangu. Mimi ni Mmakonde na Mkristo wa misheni ya Mnero, mambo ya kwao siyaingilii sana, ingawa nami nilifundwa.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mazuri. Kila msimu ulipokaribia, baada ya watu kuvuna ufuta, Mwanabibi alijifungia, akabofya, akasikiliza, akatoka tayari kwa kazi. Nilichokiona mimi ni kwamba aliacha kuimba sokoni. Zamani alikuwa akikunja vitenge huku anaimba chini chini, midomo tu, bila maneno kusikika. Baada ya kompyuta kuja akawa anakunja kimya, nami nikafikiri ni uzee unaanza.

Shida ilianza Idi moja Yasini alipokuja likizo na flashi yake ya taarabu, akaichomeka. Alipoondoka, mashine ikaugua. Ukifungua folda moja unakuta tatu za jina lilelile. Ukiizima inajiwasha. Ukiiwasha inajizima. Mwanabibi akaifunika kitambaa, akaifunua, akaipuliza vumbi, haikusaidia kitu.

Kama ilivyo desturi yake akaanza kuuliza watu. Wa kwanza alikuwa Amiri, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, kijana wa watu, msafi, mwenye adabu. Alimuuliza kwa mdomo tu, bila kumpelekea mashine.

"Hao ni virusi, mama," Amiri akasema. "Dawa yake ni kupiga windo upya."

"Windo ndiyo nini?"

"Ndiyo mfumo wenyewe, mama. Hiyo Windows unayoiona ukiwasha. Bila mfumo, kompyuta ni bati."

Wa pili alikuwa Scholastika, naye akaja na maneno mengine kabisa. Akasema tatizo ni hiyohiyo Windows, kwamba virusi vingi vimetengenezwa kwa ajili yake, na kwamba uko mfumo mwingine unaitwa Linux, wa bure, ambao virusi vile haviushiki. Alikuwa na CD yake, aliletewa kwa posta kutoka ng'ambo bila kulipa hata senti. Hapo ndipo Mwanabibi alipoanza kumshuku. Kitu cha bure, tena kutoka ng'ambo, tena kizuri kuliko cha kununua? Watu wa Nachingwea tunajua habari za vitu vilivyoletwa na wageni kwa ahadi, tangu ule mradi wa karanga wa Mwingereza uliokufa.

Ikawa kila jioni kibarazani pangu ni mfumo, mfumo. Nilikuwa nasonga ugali huku naelezwa tofauti ya vitu viwili ambavyo sijawahi kuviona.

"Catherine, wewe ni mwalimu. Mfumo ni nini hasa?"

"Mimi nimefundisha a, e, i, o, u. Usiniulize."

Alimrudia Scholastika na kumuuliza kwa namna yake: je, mashine ni nyumba na mfumo ni mpangaji? Scholastika akafikiri, akasema tuseme hivyo. Mpangaji mmoja akitoka, mwingine anaweza kuingia. Mwanabibi akaenda kwa Amiri na mfano huohuo, na Amiri akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Mfumo si mpangaji. Mfumo ni msingi wa nyumba."

Mwanabibi alirudi nyumbani amechoka kuliko aliyetoka kupalilia. Kama ni mpangaji, akitoka anaacha nyumba na vyombo vya mwenye nyumba. Kama ni msingi, utaung'oaje nyumba isianguke? Walimu wawili, kitu kimoja, na majibu hayakutani. Nilimwambia akalale. Hakulala, akabaki kuongea peke yake.

Basi Scholastika akasema maneno hayatoshi, akaja na CD yake akaitia kwenye mashine asubuhi ya Jumamosi ili tuone kwa macho. Alieleza kwamba ile CD haigusi chochote, inaonja tu. Tukasubiri. Mara spika zikalia ngoma. Ngoma kabisa, ya kupigwa kwa mikono, tena ghafla. Mwanabibi aliruka kitini.

"Nani kaiambia?" akauliza.

"Imeambiwa nini, dada?"

"Iliyomo humu! Nani kaiambia kwamba kuna ngoma?"

Scholastika alicheka mpaka miwani ikateleza. Akamwambia mfumo ule husalimia hivyo kwa kila mtu, hata kwa Wazungu. Sijui kama Mwanabibi aliamini. Kioo kikawa na rangi ya udongo wetu mwekundu, hakuna lile bonde la kijani na anga la buluu alilolizoea. Scholastika akabofya hapa na pale, na kweli, nyimbo zikaonekana zote, zimepangwa kama alivyoziacha. Mpangaji mpya na vyombo vilevile. Mwanabibi akapiga vigelegele vidogo.

Lakini zilipobofywa hazikuimba. Yakatokea maneno ya Kiingereza.

"Zipo," Scholastika akasema, "ila mfumo huu hauwezi kuzicheza mpaka tuunganishe intaneti, tuchukue kitu fulani kinachokosekana."

"Kwa hiyo mpangaji huyu haumwi, ila ni kiziwi."

"Kwa sasa, dada. Anatibika."

"Na yule mwingine anasikia, ila anaumwa."

Alikaa kitako kitandani akashika shavu. Nilimwonea huruma, nikaona pia kichekesho, maana huyu ndiye mwanamke anayeweza kukuambia kitenge kitachuja baada ya kufuliwa mara ngapi. Scholastika alimshauri jambo moja kabla hajaondoka. Akasema wazinakili zile nyimbo kwenye CD nyingine ziwe salama, wakati wanafikiri.

"Hapana," Mwanabibi akasema. "Hazikai sehemu mbili."

Scholastika hakubishana. Mwezi uliofuata akapata nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Dar es Salaam, akatuaga, akamwachia Mwanabibi ile CD ya udongo. Tukabaki na fundi mmoja tu mjini, naye ni mwanamume.

Mashine ilikata roho mwaka 2008, kiangazi, msimu wa unyago ukiwa mlangoni. Ukiiwasha, kioo cheusi na maandishi meupe. Mwanabibi aliitia ile CD ya Scholastika. Ngoma ikalia, udongo ukatokea, lakini yeye hakujua pa kubofya ili azione nyimbo, na hata angeziona zisingeimba. Akaniambia nimsindikize kwa Amiri. Tulibeba ile sipiyu peke yake kwenye beseni, imefunikwa khanga, kama tunapeleka mahari.

Njiani alinieleza hesabu yake, na niseme kweli, niliiona iko sawa. Nyimbo zimo kwenye nyumba. Mpangaji ndiye mgonjwa. Amiri atamtoa mpangaji aingize mwingine, kama Scholastika alivyofanya mbele ya macho yetu, na vyombo vitabaki palepale. Hakuna haja Amiri ajue kuna nini ndani. Akijua atachungulia, na akichungulia atasikia.

Kibandani kwa Amiri kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee mmoja anasubiri radio yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Amiri aliifungua, akaunganisha nyaya zake, akatazama kioo, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema Windows imekufa, itabidi aipige upya. Kisha akageuka vizuri, akamtazama Mwanabibi usoni. Huyu kijana simlaumu hata kidogo.

"Mama, humu ndani una vitu vya kutunza? Picha, barua, nyimbo?"

Aliposema nyimbo, nilimwona Mwanabibi amenyooka mgongo.

Naomba msomaji aelewe. Kwetu huku, mwanamume akikuuliza lolote lenye harufu ya unyago, jibu ni moja, nalo hutolewa kabla hujafikiri. Tunafundishwa hivyo tungali wasichana. Baba akikuuliza, mume akikuuliza, hakimu akikuuliza, hakuna kitu. Si uongo, wala haihesabiwi uongo. Ni mlango.

"Hamna kitu humo," akasema.

"Hata kidogo, mama? Maana nitafomati."

"Kufomati ndiyo kufanya nini?"

"Kusafisha. Naondoa kila uchafu, inakuwa kama mpya."

"Safisha, baba."

"Una hakika hamna kitu?"

"Nimekwambia hamna! Ningekuwa na kitu ningekuficha?"

Amiri akacheka kwa heshima. Akauliza sasa ampigie ipi, Windows XP aliyoizoea, au Vista mpya, au ile Linux ya mwalimu Scholastika, ingawa hiyo yeye haijui sawasawa na ikiharibika hataweza kumsaidia. Mwanabibi akaanza kazi yake. Alimuuliza mzee wa radio. Mzee akasema achukue ya zamani, vitu vipya havidumu. Akaniuliza mimi, nikasema ya zamani. Akamuuliza Amiri mwenyewe, na Amiri akamjibu, "Fuata nyuki ule asali, mama. Watu wote wako XP."

Nikangoja achague ile ambayo hakuna aliyemtajia. Ndiyo tabia yake. Lakini siku hiyo alituangalia wote watatu, akaonekana mchovu, akasema, "Haya. Nipigie hiyo ya wote."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anafanya anavyoambiwa.

Tuliirudisha jioni. Ilifanya kazi ajabu! Iliwaka upesi, bonde la kijani likatokea, anga la buluu, hakuna folda pacha, hakuna kujizima. Mwanabibi alinikaribisha uji wa karanga kwa furaha. Mimi nikaenda zangu kupika. Nilikuwa sijaosha hata sufuria aliponiita kupitia ukuta wa uani, kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeuliza kiberiti kiko wapi.

"Catherine. Wewe uliona Scholastika alibofya wapi?"

Nikaenda. Alikuwa amefungua kila kilichofunguka. Alikuwa ameingia mpaka sehemu za picha, na kukuta maua na ndege wa Kizungu waliokuja na mfumo. Alitia ile CD, ngoma ikalia, tukatafuta pamoja mimi na yeye, tukibofya kila kitu kwa kubahatisha. Hakukuwa na kitu. Akaitoa CD, akarudi kwenye Windows, akaanza upya. Alifanya hivyo mpaka mimi nikaona aibu kutazama.

"Wapangaji wote wawili wanasema nyumba ni tupu," akasema. Akaniangalia kama mtoto wa darasa la pili aliyeandika jibu sahihi akapigiwa mkasi. "Lakini tulipobadilisha na Scholastika zilikuwepo. Si uliona? Si zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Sasa mpangaji anaondokaje na vyombo visivyo vyake?"

Mpaka leo nikieleweshwa naelewa nusu.

Asubuhi nilikwenda kwa Amiri mimi, kwa sababu yeye asingeweza kwenda. Kwenda kulalamika ni kukiri. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kwamba tuseme mtu alikuwa na vitu vyake, akasahau kusema. Amiri akashika kichwa. Yule kijana aliumia, niliona.

"Mwalimu, si nilimuuliza? Tena ukiwepo. Angesema neno moja tu ningevitoa pembeni kwanza, ni kazi ya dakika chache."

"Sikulaumu, Amiri. Havirudi?"

Akafikiri. Akasema wako wataalamu Dar es Salaam wenye programu za kufukua vilivyofutwa, wakati mwingine vinapatikana, mradi mashine isitumiwe tena. Ila majina yake yatakuwa yamepotea. Itabidi wafungue kimoja kimoja, wakisikilize au wakitazame, wajue ni nini. Akaongeza kwamba anawafahamu hao vijana, ni waaminifu, yeye mwenyewe anaweza kuipeleka.

Nilimletea Mwanabibi habari hiyo, nikidhani namletea faraja. Aliniuliza swali moja.

"Ni wanaume?"

"Ni wanaume."

Hakufungua kibanda chake sokoni siku hiyo wala siku zilizofuata. Mashine ilikaa imezimwa, bila kile kitambaa. Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Nilimwambia sauti ya mzee wa watu inapotea kwa ajili ya kiapo alichoapa kwa mwanamke ambaye hata hatajua. Akanijibu kwamba hajui. Nikamuuliza hujui nini? Akasema hajui lipi ni kumkosea Bibi zaidi, kumpoteza au kuacha wanaume wamsikie. Akasema angekuwa anajua angekuwa ameshaamua, na kwamba niache kupayuka kwenye nyumba yenye msiba. Nikaacha.

Mwishoni akasema atakwenda kumuuliza mwenye sauti, maana Bibi bado alikuwa hai. Tulipanda gari la mizigo mpaka Ruangwa mjini, na kutoka hapo pikipiki mbili mpaka Nambilanje. Njia nzima alikumbatia mkoba wake. Nilijua anachokiogopa, maana hata mimi nilikiogopa.

Bibi Ashura tulimkuta kwenye mkeka nje ya nyumba yake, anabangua njugu mawe kwa kupapasa, kwani macho yalikuwa yamekwisha. Alimjua Mwanabibi kwa mkono. Walisalimiana kwa Kimwera, salamu ndefu, za mashamba na wagonjwa na waliokufa. Kimwera nakisikia kiasi, kwa kuwa kinashabihiana na cha kwetu, kwa hiyo yaliyofuata niliyafuata vizuri. Mwanabibi alimweleza kila kitu. Alieleza kompyuta ni nini, akaeleza mfumo, akachanganyikiwa palepale kwenye mpangaji na msingi, akaruka, akafika kwa fundi.

"Huyo mwanamume alisikia?" Bibi akauliza.

"Hakusikia."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza mara tatu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hamna kitu."

Bibi Ashura akaacha njugu. Akapiga makofi mawili, akacheka kicheko cha wazee kisicho na meno, akautafuta mkono wa Mwanabibi akaushika.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Mara tatu! Ndivyo nilivyokufunda. Wengine wanasahau wakifika mjini. Wewe hukusahau. Umenitunza."

Mwanabibi akalia. Alikuwa amekuja kugombezwa, na angegombezwa ingemwia nafuu. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mama wa mtu, na yule mzee akampapasa kichwa akidhani ni furaha. Nilitamani nimwambie bibi asimsifu. Lakini si mahali pangu.

"Unalia nini sasa?" Bibi akasema. "Si niko hapa? Waambie wanaume wa uani watoke."

Niliinuka nikatazama. Hakukuwa na mwanamume. Bibi Ashura akajiweka sawa, akafunga khanga kiunoni, akaanza mmoja wa zile nyimbo alizokuwa nazo yeye peke yake. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa yake, na kila neno lilitoka mahali pake. Mwanabibi alifuta machozi. Nilimwona uso wake unafunguka, na mimi mwenyewe nikaanza kumshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha.

Katikati ya wimbo Bibi akakwama. Akarudi nyuma kidogo, akaujia tena ule mstari, akakwama palepale. Hakuonekana kusumbuka. Akageuzia sikio lake upande wa Mwanabibi.

"Hapo mstari umenipotea. Haya, nipe wewe," akasema. "Wewe unao. Nilikupa."

Mwanabibi alifungua mdomo. Nikangoja. Niliona midomo inatafuta, kama zamani sokoni, ila safari hii hakuna kilichokuja. Miaka miwili alikuwa anabofya tu. Aliniangalia mimi, mimi ambaye sijui hata neno moja la wimbo ule, macho yake yakiniuliza.

Bibi Ashura akadhani mwanafunzi wake anaona haya. Akaurudia mstari wa mwisho aliouimba, polepole, anavyomwanzishia mwali aliyesahau, kisha akanyamaza ampishe. Mwanabibi akaurudia mstari uleule. Bibi akaitikia kwa kichwa, akisubiri unaofuata.